Mwenzi amefariki, mkopo wa nyumba bado unadai: hatua za kufuata ukiwa Moshi au Arusha

Baba Neema tulimzika Kibosho siku ya Jumamosi. Jumatano yake, turubai likiwa bado halijakunjwa na mashemeji wamekaa kwenye mabenchi wakihesabu rambirambi, simu yake ikatikisika kwenye pindo la kanga yangu. Ulikuwa ujumbe wa benki: akaunti haina fedha za kutosha kukata rejesho la mwezi huo. Niliusoma mara mbili. Mwenyewe hayupo, mshahara umesimama, lakini tarehe ya kukata mkopo imefika kama kawaida.

Nikaenda kulipa. Nililipa miezi minne mfululizo, shilingi 890,000 kila mwezi, miezi miwili kwa akiba yetu na miwili kwa fedha niliyokopa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Pale dirishani hakuna aliyeniuliza kitu. Mwezi wa tano, nikitafuta cheti cha ubatizo cha mtoto wetu wa mwisho, nikaikuta bahasha ya kaki chini ya mashuka. Ndani mlikuwa na karatasi mbili zimebanwa kwa pini iliyoshika kutu, na juu yake imeandikwa kwamba mkopaji amekatiwa bima ya maisha kwa muda wote wa mkopo. Nilikaa chini pale pale sakafuni. Nyumba yetu ya Soweto ilikuwa na kinga tangu siku ya kwanza, nami nilikuwa nimekopa kwa wanawake wenzangu ili nilipe deni lililopaswa kulipwa na bima.

Kwa hiyo neno langu kubwa kwako, mjane au mgane, ni hili: usikope ili kulipa rejesho, wala usisaini karatasi yoyote mpya ya benki, kabla hujajua bima ya mkopo inasema nini. Hatua nyingine zote hapa chini zinazunguka hapo.

Kwanza cheti cha kifo, na uyasome majina herufi kwa herufi

Bila cheti cha kifo hakuna ofisi itakayokusikiliza. Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Aliyefia hospitalini huandikiwa taarifa ya kifo na hospitali. Aliyefia nyumbani, taarifa hutolewa na mtendaji wa kijiji au kata. Ukiwa nayo unakwenda ofisi ya wilaya ya RITA, wakala wa serikali wa kusajili vifo, au unaanzia maombi kwenye mfumo wao wa mtandaoni.

Cheti kikitoka, usiondoke dirishani. Kisome. Kwetu sisi Wachaga jina moja lina sura tano: Aloyce, Alois, Aloisi, na wengine huongeza la ukoo mbele au nyuma. Kwenye cheti cha kifo Baba Neema aliandikwa majina matatu, kwenye hati ya nyumba mawili, na kwenye mkataba wa mkopo herufi moja ilikuwa imebadilika. Herufi hiyo moja ilinigharimu wiki tatu na kiapo mbele ya wakili kwamba wote hao ni mtu mmoja. Kama unaona tofauti mapema, andaa kiapo hicho mapema.

Toa nakala sita au zaidi na wakili azithibitishe kwa mhuri wake. Benki itataka moja, bima moja, mahakama moja, mfuko wa hifadhi ya jamii moja, ofisi ya ardhi moja. Ile halisi usimwachie mtu.

Karatasi za mkopo: tafuta kabla kabati halijaguswa

Baada ya msiba watu huja kusaidia kupanga vitu, nguo zinagawiwa, mabegi yanahamishwa, na karatasi zinapotea bila mtu kuwa na nia mbaya. Siku ile ile unayopata nguvu, funga mlango, kusanya kila kitu chenye jina la benki. Unatafuta barua ya ofa ya mkopo, mkataba wa mkopo, mkataba wa rehani, karatasi ya bima, nakala ya hati miliki (ile halisi ipo benki), na taarifa za akaunti.

Usipoiona karatasi ya bima, usikate tamaa. Soma barua ya ofa sehemu ya gharama: mara nyingi kuna mstari wa malipo ya bima ya maisha, na mwingine wa bima ya moto. Au angalia taarifa ya akaunti ya mwezi ule mkopo ulipotoka; kama kuna kiasi kilichokatwa kwa ajili ya bima, huo ni ushahidi wako. Mkopo wa nyumba wa benki kwa kawaida hautolewi bila bima ya maisha ya mkopaji. Kosa ni kudhani kwamba kwa sababu hukuambiwa, basi haipo.

Jambo la pili la kutazama ni majina: nani alikopa, na nani yumo kwenye hati. Haya ni mambo mawili tofauti na watu huyachanganya sana.

Kama marehemu alikopa peke yake, deni ni la mirathi yake. Benki inaweza kuidai nyumba iliyowekwa rehani, lakini haiwezi kukugeuza wewe kuwa mkopaji kwa sababu tu ulikuwa mke au mume wake. Saini uliyoweka wakati ule kukubali nyumba iwekwe rehani ni ridhaa ya mwenzi inayotakiwa na kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi. Peke yake haikufanyi uwe mdaiwa. Ila kama ulisaini kama mkopaji mwenza au mdhamini, hapo wewe unadaiwa kama wewe. Soma neno lililo chini ya saini yako.

Na kama hukusaini chochote, na hiyo ndiyo nyumba mliyokuwa mkiishi, mwambie wakili jambo hilo siku ya kwanza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mmoja kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake.

Kwenye hati napo: jina la marehemu peke yake, au yenu wote wawili? Kama ni yenu wawili kwa umiliki wa pamoja usio na mafungu, sehemu yake inahamia kwako uliyebaki. Kama ni umiliki wa mafungu, fungu lake linaingia kwenye mirathi na lako linabaki lako. Hati yenyewe ndiyo inayosema ni upi.

Barua kwa benki, na mhuri wa kupokelewa

Nenda benki, lakini usiende kwa mdomo tu. Afisa mikopo anaweza kuwa mtu mwema kabisa, akakupa pole na maji ya kunywa, kisha mwezi ujao akahamishiwa Singida na hakuna anayekumbuka kwamba ulikuja. Andika barua. Si lazima iwe ya kisheria. Yangu, nilipokuja kuiandika, ilikuwa hivi:

"Ninawataarifu kwamba mteja wenu, mwenye mkopo wa nyumba namba (…), alifariki tarehe (…). Ninaambatanisha nakala ya cheti cha kifo. Naomba: 1. Mnipe kwa maandishi salio la mkopo lilivyokuwa siku ya kifo. 2. Mnipe nakala ya mkataba wa bima ya maisha ya mkopo huu na jina la kampuni ya bima. 3. Mwanzishe dai la bima, na mniandikie nyaraka mnazohitaji kutoka kwa familia. 4. Msimamishe adhabu za ucheleweshaji na hatua zozote za ukusanyaji wa deni mpaka dai hilo lijibiwe."

Chapisha nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili wagonge mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na aliyepokea aandike jina lake. Kama mhuri "haupo leo", kaa kwenye benchi usubiri uje. Karatasi ile yenye mhuri wa zambarau ndiyo iliyonirudishia fedha zangu baadaye, maana ilionyesha kwamba benki ilishaambiwa tarehe ya kifo.

Ukishatoa taarifa, akaunti ya marehemu itafungwa mpaka apatikane msimamizi wa mirathi. Ni halali, na inakulinda. Tafadhali usitumie kadi yake ya benki baada ya kifo hata kama namba ya siri unaijua na watoto wana njaa. Kila shilingi uliyotoa inaweza kuja kuulizwa mahakamani na ndugu zake mbele ya hakimu. Andaa njia nyingine ya kula kwa miezi michache.

Kwa Waislamu, mjane anakaa eda miezi 4 na siku 10, na benki haijui eda. Rafiki yangu wa Ngarenaro, Arusha, alibaki ndani muda wote akaamini mambo yatasubiri. Alipotoka alikuta barua tatu za madai. Zungumza na sheikh wako kuhusu kutoka kwa shughuli ya lazima, au mpe kaka yako barua uliyoisaini aipeleke.

Bima ya mkopo

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nyumba inapookoka au kupotea.

Mkataba wa bima hii ni kati ya benki na kampuni ya bima. Malipo yakitoka yanakwenda benki kufuta deni. Hayapiti mkononi mwako. Kwa sababu hiyo benki ndiyo inayopeleka dai, na wewe kazi yako ni kuwapa nyaraka na kuwafuatilia bila kuchoka. Kwa kawaida huombwa cheti cha kifo, taarifa ya daktari kuhusu sababu ya kifo, kitambulisho cha marehemu, na kama kifo kilikuwa cha ajali, taarifa ya polisi na ya uchunguzi wa mwili. Mkataba huwa na muda wa kutoa taarifa. Usome, na usiungoje uishe.

Uliza maswali haya ukiwa na kalamu mkononi. Ni maisha ya nani yaliyokatiwa bima? Wapo wanandoa waliokopa pamoja lakini bima ikawa ya mwenye mshahara mkubwa peke yake. Akifariki yule mwingine, bima hailipi kitu. Bima inalipa deni lote au sehemu? Ilikuwa hai siku ya kifo, au ilikuwa ya kulipiwa kila mwaka na mwaka mmoja ukarukwa? Kama ilirukwa, nani alikuwa na wajibu wa kuilipia: marehemu, au benki kwa kukata kwenye akaunti yake? Benki ikiwa ndiyo iliyojipa kazi ya kukata na haikukata, usikubali kosa hilo liwe lako.

Halafu kuna jambo ambalo mimi sikulijua hata kidogo. Bima kwa kawaida hulipa salio la siku ya kifo. Benki nayo, kama hujaizuia, inaendelea kuhesabu riba hadi siku fedha zinapoingia. Chukua mfano wa salio la shilingi 46,300,000 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka. Riba ya mwezi mmoja ni karibu shilingi 617,000. Dai likichukua miezi mitano, zimeongezeka zaidi ya milioni 3, bila kuhesabu adhabu. Bima inalipa milioni 46.3, unafurahi, unakwenda kuchukua hati, unaambiwa bado unadaiwa milioni tatu na ushee. Ndiyo maana kwenye barua ya kwanza unaomba salio la siku ya kifo kwa maandishi. Kama dai lilichelewa kwa sababu benki haikulipeleka, una hoja ya kuwataka wabebe riba hiyo, na tarehe kwenye mhuri ndiyo inayokusemea.

Sasa, nimesema usikope ili ulipe. Sijasema ukae tu. Bima inaweza kukataa. Kama unapata chochote, weka pembeni kila mwezi kiasi unachoweza, kwenye akaunti yako mwenyewe. Bima ikilipa, ni ya ada za watoto. Bima ikikataa, una pa kuanzia na benki itakuona mtu wa maana. Kile cha kukimbia kabisa ni kausha damu, wakopeshaji wa mitaani wenye riba kali. Nimemwona mama pale Majengo akikopa kwao laki tisa kulipa rejesho moja la benki. Mwisho alinyang'anywa friji na kochi, na rejesho la pili likawa limefika.

Bima ikikataa, dai sababu kwa maandishi na kifungu cha mkataba wanachokitumia. Sababu inayosikika sana ni kwamba marehemu hakutaja ugonjwa aliokuwa nao alipojaza fomu. Usikubali kwa kusikia tu. Omba kuiona fomu yenyewe: alijaza mwenyewe? Aliulizwa swali hilo? Alipimwa? Mtu aliyegundulika na kisukari miaka miwili baada ya kusaini hawezi kusemwa alikificha. Kama hamkubaliani, lalamika kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambayo ina ofisi ya kanda Arusha, na pia kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa kwa ajili ya watu kama sisi wasio na fedha za kesi ndefu. Kama shida yako ni benki yenyewe, maliza kwanza ngazi zao za malalamiko kwa maandishi, kisha upeleke Benki Kuu ya Tanzania, ambayo nayo ina tawi Arusha.

Kuhusu karatasi mpya. Afisa anaweza kukuambia, "Mama, tukupangie upya mkopo uwe kwa jina lako, rejesho lishuke." Linasikika kama huruma, na pengine ni huruma kweli. Lakini ukisaini kabla bima haijajibu, unaweza kuwa umeua mkopo uliokatiwa bima na kuzaa mwingine ulio wako. Mwambie, "Ahsante, nitasaini baada ya kupata jibu la bima kwa maandishi."

Mirathi: funguo ya kila mlango

Benki itazungumza na wewe kwa heshima, lakini kuhusu akaunti na mali ya marehemu itamtambua msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Msimamizi hapati nyumba kwa kuteuliwa. Anapata wajibu wa kukusanya mali, kulipa madeni, na kugawa kinachobaki.

Usiache uteuzi huu ukaenda kwa mtu kwa sababu tu ni kaka mkubwa. Mjane au mgane anaweza kuomba mwenyewe, au wateuliwe wawili, wewe na mmoja wa upande wa marehemu. Hiyo ya wawili naipenda, inapunguza minong'ono.

Mahakama kwa kawaida itakuuliza muhtasari wa kikao cha familia. Fanyeni kikao, kwa sababu amani ina thamani. Watu waje, wanywe chai, waandike majina na saini. Lakini ujue kwamba Mahakama Kuu imeshasema mara kadhaa kwamba muhtasari huo si takwa la sheria. Kama ukoo unagoma kukaa ili kukukomoa, peleka maombi yako na ueleze walivyogoma. Mwenye pingamizi atakuja kulisema mbele ya hakimu.

Kuhusu mahakama ipi: mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Kwa wengine inategemea namna marehemu alivyoishi, kama kuna wosia, na thamani ya mali. Mkiwa Arusha kuna Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kilicho na ngazi kadhaa za mahakama katika jengo moja. Moshi kuna Mahakama Kuu pia. Nenda na cheti cha ndoa na cha kifo umuulize karani wa mirathi kabla hujajaza fomu, kwa sababu shauri likifunguliwa mahali pasipo na mamlaka, uteuzi wako unaweza kufutwa baadaye na kila ulichosaini kikaanza upya.

Ukishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo, una miezi 4 kuwasilisha orodha ya mali na madeni. Mahakama ya Wilaya na Kuu hutoa miezi 6. Mkopo wa nyumba uandike humo kwenye madeni, na salio lake. Nasisitiza, kwa sababu kuna familia zinagawana nyumba kana kwamba haina rehani. Madeni hutangulia urithi. Huwezi kumpa mtoto chumba cha nyumba ambayo benki inaidai.

Na mjane wa huku kwetu atasikia neno moja: nyumba ni ya ukoo. Kihamba cha Kibosho au Marangu, yaani shamba la ukoo, kina mila zake, na sina ugomvi nazo hapa. Lakini nyumba ya mjini iliyonunuliwa kwa mkopo, ikalipwa kwa mshahara wa mume na kwa genge la mke, si kihamba. Kusanya ushahidi wa mchango wako: risiti za saruji, miamala ya simu, majina ya mafundi uliowalipa. Mahakama ya Rufani ilishatambua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango. Shauri lile lilikuwa la talaka, ila mwambie wakili wako, atajua pa kulitumia. Sehemu yako uliyochangia ni yako kwanza. Urithi unahesabiwa kwenye sehemu ya marehemu. Kwa sheria ya Kiislamu mjane mwenye watoto wa marehemu anapata moja ya nane ya sehemu hiyo, na mgane moja ya nne. Mirathi inayofuata ile sheria ya zamani ya urithi iliyotoka India, ambayo hutumika kwa Wakristo wengi wasioacha wosia, humpa mjane mwenye watoto moja ya tatu.

Kama huna fedha ya wakili, Moshi kuna shirika la KWIECO, Arusha kuna ofisi ya TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na kwenye kata kuna wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Muulize mtendaji wako wa kata akuelekeze.

Kama hakuna bima, au imelipa nusu

Hesabu kwanza, kabla ya kulia na kabla ya kuahidi. Fuatilia mafao ya warithi kwenye mfuko wake wa hifadhi ya jamii: NSSF kama alikuwa sekta binafsi, au PSSSF kama alikuwa mtumishi wa umma. Uliza mwajiri kama kulikuwa na bima ya maisha ya kikundi. Uliza SACCOS yake, maana nyingi zina kinga inayofuta mkopo wa mwanachama aliyefariki, na hisa zake zinarudi. Fedha hizi hutawanyika haraka kwa madeni madogo ya msiba. Kaa na warithi wenzako mkubaliane ni kiasi gani kinakwenda kupunguza mkopo.

Halafu unaenda benki na pendekezo lako. Usisubiri lao. Sasa ndipo kupanga upya mkopo kunapofaa: muda urefushwe, rejesho lishuke, adhabu zifutwe. Omba hesabu ya jumla utakayolipa hadi mwisho, kwa sababu rejesho dogo la muda mrefu linaweza kuwa deni kubwa kuliko la mwanzo.

Nyumba iliyo sehemu nzuri inaweza kujilipa yenyewe. Mgane mmoja wa Njiro alihama na watoto wake wawili wakaingia vyumba vya nyuma, nyumba kubwa akampangisha mtu aliyehamia Arusha kikazi, na kodi ikawa inakwenda moja kwa moja benki. Watoto walinung'unika mwaka wa kwanza. Nyumba bado ni yao.

Kama hesabu inakataa kabisa, uza wewe mwenyewe kwa idhini ya benki, mahakama ikijua na warithi wakijua. Mpate mthamini aliyesajiliwa, tangaza, mnunuzi alipe benki deni lake na kinachobaki kiingie kwenye mirathi. Inauma. Ila anayeuza kwa hiari anachagua mnunuzi, na mnada unakuchagulia.

Barua ya siku 60

Ikija notisi ya kushindwa kulipa, usiifiche chini ya godoro. Sheria ya Ardhi inataka mkopeshaji akupe notisi inayoeleza kosa na kiasi kinachodaiwa, na siku 60 tangu uipokee za kurekebisha, kabla hajatumia haki ya kuuza. Andika juu ya bahasha tarehe uliyoipokea. Jibu kwa maandishi, ukiambatanisha barua yako ya mwanzo na uthibitisho kwamba dai la bima lipo au mirathi imefunguliwa. Mnada nao unahitaji tangazo la wazi la siku 14 angalau. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba mkopeshaji hakutimiza wajibu wa kutafuta bei nzuri, mpaka athibitishe vinginevyo.

Hapo usiende peke yako tena. Tafuta wakili ndani ya hizo siku 60. Siku ya 61 gharama yake ni nyingine. Na anayekuja na pikipiki akisema ni dalali na anataka "kitu kidogo" asogeze mnada mbele, muombe barua ya kazi, piga picha, umpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa.

Deni likiisha, kazi bado

Kwangu bima ililipa mwezi wa tisa tangu msiba. Marejesho yangu manne yalirudi baada ya barua tatu, nikawalipa wanawake wa VICOBA na faida yao. Nikadhani yameisha.

Hayajaisha mpaka rehani ifutwe kwenye daftari la ardhi. Benki inapaswa kukupa barua kwamba deni limeisha, hati ya kufuta rehani iliyosainiwa, na hati miliki halisi. Hati ya kufuta rehani inapelekwa kwa Msajili wa Hati katika ofisi ya ardhi ya mkoa isajiliwe. Ikibaki kabatini kwako, kwenye kumbukumbu za serikali nyumba bado ina mzigo.

Kisha, kwa uteuzi wa mahakama na cheti cha kifo, msimamizi anaomba Msajili aandike jina lake kwa nafasi ya usimamizi, na baada ya hapo kuhamishia kwa warithi kama mgawo ulivyopita mahakamani. Kabla ya kwenda angalia kodi ya pango la ardhi kama ina malimbikizo, maana ofisi itakuuliza. Ile ya majengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU, hiyo haikusumbui.

Siku nilipoipokea hati, msichana wa dirishani alinipa kalamu nisaini kitabu cha kuchukulia. Nilimwambia anisubiri. Nilifungua hadi ukurasa wa nyuma, nikatafuta mahali rehani ilipoandikwa mwaka ule, nikaona chini yake mhuri wa kufutwa na tarehe. Jina, namba ya kiwanja, kitalu, vyote nikavilinganisha na karatasi niliyokuja nayo. Ndipo nikasaini.